Nani aliligonga jina la Legioni ya Tatu?

Swali lilikuja hivi: "Shikamoo mwalimu. Nimetumiwa picha ya jiwe la Kirumi lililoko Algeria. Maandishi yote yako safi kasoro sehemu moja katikati, pamegongwagongwa mpaka pamebonyea, alafu humo ndani ya pale palipobonyea kuna herufi nyingine. Naambiwa hapo palikuwa na jina la Legioni ya Tatu Augusta. Hao watu walifanya kosa gani mpaka wafutwe? Na ni kweli jeshi moja la Roma lilikaa Afrika karibu miaka mia tatu au ni stori tu?"

Marahaba mdogo wangu. Ni kweli tupu, tena ilizidi. Walifutwa mwaka 238 BK kwa sababu walimuua mjomba wa kijana ambaye miezi michache baadae akawa Kaisari, wakarudishwa mwaka 253, na lile jiwe lako limepita mikono miwili, mkono wa aliyefuta na mkono wa aliyerudisha. Ila nikiishia hapo nitakuwa nimekudhulumu, maana utalijua kosa bila kuwajua wenyewe, na hawa watu mi nimewasoma miaka mingi na nawapenda, kwa hiyo kaa vizuri.

Neno legioni wengi tunalijua kutoka Injili ya Marko, yule bwana wa makaburini aliyesema anaitwa Legioni kwa kuwa wako wengi. Kweli ni wengi, legioni moja ilikuwa na watu elfu tano na kitu. Iligawanywa kwenye kohoti kumi, na kila kohoti ikagawanywa kwenye vikundi vya watu 80 hivi na kila kikundi kina akida wake, akida yule yule unayemsoma kwenye Biblia, yule wa Kapernaumu mwenye mtumishi mgonjwa. Juu yao wote anakaa mkuu wa legioni, mtu wa baraza la senati, anateuliwa na Kaisari mwenyewe. Na ukisikia "Afrika" kwenye maandishi ya Warumi usifikirie bara zima, kwao Africa lilikuwa jimbo, yaani Tunisia ya leo na vipande vya Algeria na Libya, jina likaja kusambaa baadae mpaka kutufikia sisi wote.

Kwa nini waweke jeshi pale? Ngano. Josephus, mwanahistoria Myahudi wa enzi hizo, anaandika kwamba Afrika ililisha watu wa Roma miezi minane kwenye mwaka, na Misri miezi minne. Sasa chukua hilo alafu liweke na hili: mto Rhine peke yake, mpakani na Wajerumani, wakati wa Kaisari Tiberius ulikuwa na legioni nane, na Afrika nzima, kuanzia milima ya Aurès mpaka jangwa la Libya, ilikuwa na moja. Moja tu, na vikosi vya wasaidizi pembeni. Hiyo ndo Tatu Augusta. Mwaka 14 BK tayari tunawaona kwenye mawe ya barabara, wanachonga njia kutoka kambini kwao mpaka Tacapae, ambayo leo ni Gabès pale pwani ya Tunisia.

Na hiyo barabara ndo iliyowaletea vita yao ya kwanza kubwa, kwa mtazamo wangu. Ilipita katikati ya malisho ya Wamusulami, kabila la wafugaji wa huko, na mfugaji ukimkatia njia ya mifugo yake kati ya malisho ya masika na ya kiangazi umemkata koo. Akatokea mtu anaitwa Tacfarinas, ambaye alikuwa askari wa kikosi cha wasaidizi wa Roma, akatoroka, akakusanya watu, akawafundisha kupigana kwa mpangilio wa Kirumi aliojifunza kwa Warumi wenyewe. Vita ikaenda kuanzia mwaka 17 mpaka 24. Kuna wakati alituma wajumbe kwa Tiberius akitaka ardhi kwa ajili yake na watu wake, la sivyo vita haiishi, na hapo ndo unaona kabisa kwamba ishu ilikuwa ardhi. Tiberius akakasirika kupita kiasi.

Mwaka 20 kohoti moja ilikuwa inalinda ngome karibu na mto, kiongozi wao Decrius akaona aibu kujifungia ndani akatoka nao nje, wakashambuliwa, askari wakakimbia wakamwacha, yeye jicho limetobolewa na bado anapigana mpaka akafa. Liwali Lucius Apronius akawarudishia adhabu ya kizamani ambayo hata Warumi wenyewe walikuwa hawaikumbuki sana, wanapiga kura, kila mtu wa kumi anauawa kwa kupigwa rungu na wenzake. Wenzake, yaani watu anaolala nao hema moja. Muda si mrefu askari wakongwe 500 tu wakawapiga watu hao hao wa Tacfarinas pale Thala, na katika vita hiyo askari wa kawaida, Helvius Rufus, akaokoa maisha ya mwenzake akavishwa taji la majani ya mwaloni. Jamaa alipanda cheo mpaka akawa akida mkuu, na alilipenda lile taji mpaka akaliongeza kwenye jina lake, jiwe lake limepatikana Italia linamwita Rufus Civica. Tacfarinas mwenyewe alivamiwa alfajiri mwaka 24 akiwa kambini, farasi bado wako malishoni, akajirusha kwenye mikuki akafa, hawakumpata hai.

Kambi yao ya mwanzo ilikuwa Ammaedara, leo Haïdra nchini Tunisia. Kwenye miaka ya 70 wakasogea Theveste, leo Tébessa. Mwaka 81 tayari wengine wako Lambaesis chini ya milima ya Aurès, na kwenye karne iliyofuata legioni nzima ikahamia hapo, na hapo ndo pakawa kwao. Mji wa leo unaitwa Tazoult. Mwaka 100 BK, kabla hawajahama wote, Kaisari Trajan aliwatuma wajenge mji mpya kilomita kama 20 mashariki, wakaujenga, ndo Timgad hiyo ambayo picha zake kutoka angani zinaonyesha mitaa imenyooka kama karatasi ya hesabu. Waliojenga ni askari na waliopewa nyumba ni askari wastaafu.

Sasa hapa kwenye Lambaesis ndo nataka nikae, maana watu wengi wakisoma jeshi la Roma wanataka vita tu, na hawa jamaa vita kwao ilikuwa kitu cha mara moja moja. Siku zao zingine zote walikuwa wanajenga, wanapima, wanaandika, wanalinda visima, wanachonga mawe.

Mwezi wa saba mwaka 128 Kaisari Hadrian alikuja mwenyewe kuwakagua. Inasemekana mvua ilikuwa haijanyesha Afrika miaka mitano, na siku anashuka ikanyesha, watu wakampenda kwa hilo. Na mkuu wa legioni wakati huo, Fabius Catullinus, tunayo madhabahu aliyoweka pale Lambaesis kwa Jupiter mwenye mamlaka ya tufani na nyingine kwa Pepo zenye mamlaka ya tufani njema, kwa hiyo hata kama stori imeongezwa chumvi, mvua ilikuwa jambo zito kweli pale. Hadrian alikaa akawatazama wakifanya mazoezi, kikosi baada ya kikosi, alafu akawahutubia, na maneno yake wakayachonga kwenye nguzo. Vipande vya nguzo hiyo tunavyo. Hakuna hotuba nyingine ya Kaisari kwa askari wake tuliyonayo namna hii.

Anaanza kwa kuwaombea udhuru. Anasema mkuu wenu ameshanieleza kila kitu kwa niaba yenu, kwamba kohoti moja haipo kwa sababu kila mwaka moja inaenda kwa zamu kwenye ofisi ya liwali, kwamba miaka miwili nyuma mlitoa kohoti nzima na watu wanne kutoka kila kikundi kwenda kuongezea legioni nyingine ya Tatu, kwamba mmetawanyika kwenye vituo vingi mbali mbali, na kwamba mmehama kambi mara mbili na kila mara mkajenga mpya. Kwa hayo yote, anasema, ningewasamehe hata kama mngekuwa mmeacha mazoezi muda mrefu, ila hamkuacha. Mtu ameshika dunia nusu na anajua kwamba kohoti moja iko zamu ya ofisini!

Alafu kuna kikosi kimoja cha wasaidizi ambao walijenga ukuta mbele yake, anawaambia kazi ambayo wengine wangeigawa siku kadhaa nyie mmeimaliza siku moja. Na anaeleza kama fundi kabisa, kwamba ukuta wa matofali ya udongo wenye nyasi ni rahisi kwa sababu yanakatwa saizi moja na ni laini na yanapangika, nyie mmejenga kwa mawe makubwa, mazito, hayalingani, ambayo hakuna mtu anaweza kuyabeba wala kuyapanga bila kutofautiana kwake kuonekana. Mtaro wameukata kwenye changarawe ngumu wakausugua mpaka ukawa laini. Kisha wakaingia haraka, wakala, wakachukua silaha wakatoka tena. Wengine aliwakosoa vile vile, mpanda farasi asitoke mbio mafichoni kama haoni anakokwenda wala hawezi kumzuia farasi, ataishia kwenye mtego wa shimo. Na kuna wapanda farasi wa kohoti ya Wakomagene ambao bahati mbaya walipangiwa kuonyesha baada ya kikosi kingine chenye farasi wazuri na mshahara mkubwa zaidi, akawaambia waziwazi kwamba ni vigumu kupendeza baada ya wale, ila juhudi yenu imefidia. Mi nikisoma hapo huwa nawaza sura za wale vijana waliosimama na farasi wao wembamba, wamesikia Kaisari anaujua mshahara wao.

Hao askari walikuwa kina nani? Mwanzoni walitoka Italia, Galia na kwingine. Karne ya pili inavyosonga orodha zao zinabadilika, ukisoma mawe unaona miji ya Afrika tu, Karthago, Theveste, Cirta, na wengi pale kwenye sehemu ya kuandika nyumbani kwao wapi pameandikwa neno moja, castris, yaani kambini. Amezaliwa kambini. Kisheria askari haruhusiwi kuoa mpaka Septimius Severus alipolegeza mwaka 197, ila watoto walikuwepo, mama zao wanakaa mji wa pembeni ya kambi, na mtoto wa kiume akikua anaandikishwa jeshi la baba yake. Na majina yao yako wazi. Saturninus, kwa ajili ya Saturnus mungu mkubwa wa huko, ambaye kabla ya Warumi aliitwa Baal Hammon. Donatus, maana yake aliyetolewa kama zawadi. Rogatus, aliyeombwa. Ni majina ya Kipunik, lugha ya Karthago ya zamani, yaliyovishwa nguo ya Kilatini, mzazi ameomba mtoto akapewa, kama sisi tunavyoita Zawadi na Majaliwa. Kwa hiyo ukiniuliza jeshi la Roma lilikaa Afrika miaka mia tatu, ndio lilikaa, ila baada ya vizazi vitatu vinne lilikuwa jeshi la watoto wa Afrika ya Kaskazini wanaosema Kilatini.

Na maisha yao yalikuwa na mambo unayoyajua kabisa. Wapiga tarumbeta wa legioni walikuwa na chama, watu 36, na masharti yake yalichongwa kwenye jiwe wakati wa Severus. Kiingilio dinari 750, pesa nyingi hiyo, maana miaka mia moja kabla ya hapo mshahara wa mwaka mzima wa askari ulikuwa 300. Ukipandishwa cheo unapewa 500, ukistaafu 500, ukifa warithi wako wanapewa 500, hata ukishushwa cheo hawakuachi hivi hivi, unapewa 250. Ukisafirishwa ng'ambo ya bahari kwa kupanda cheo unapewa nauli, na anayepanda farasi anapata zaidi ya wa miguu. Ni chama cha kufa na kuzikana, mdogo wangu, na kamati yake na kiingilio chake, miaka 1,800 iliyopita.

Nitakupa mtu mmoja wa karibu zaidi, Nonius Datus. Huyu alikuwa mtu wa pima maji wa legioni, kazi yake kupima usawa ili maji yatiririke. Mji wa Saldae, leo Béjaïa, kwenye jimbo la jirani la Mauretania, ulitaka maji kutoka milimani na ilibidi mfereji upite ndani ya mlima, handaki la zaidi ya mita 400. Datus akaenda, akapima, akapiga vigingi juu ya mlima kutoka mashariki mpaka magharibi kuonyesha mstari, akachora ramani akamkabidhi mkuu wa jimbo, akarudi zake kambini. Wachimbaji wakaanza pande mbili ili wakutane katikati. Miaka ikapita. Wakachimba, wakachimba, hawakutani. Mkuu mwingine wa jimbo, Varius Clemens, akaandika barua kwa mkuu wa legioni akiomba tena yule mzee wa pima maji.

Datus akafunga safari, njiani wakamvamia majambazi, wakamvua nguo wakamjeruhi, akaponea chupuchupu na watu wake. Kufika Saldae anakuta watu wamekata tamaa na wanataka kuliacha handaki, kwa sababu ukijumlisha urefu uliochimbwa pande zote mbili ulishapita upana wa mlima wenyewe. Akaingia ndani akapima. Kila upande ulikata kulia kwake, wale wa juu wamekwenda kusini na wale wa chini wamekwenda kaskazini, wamepishana gizani. Kama wangeendelea wangepata mahandaki mawili. Kosa, anasema yeye, ni kwamba waliacha vigingi. Basi akagawa kazi upya, akawashindanisha askari wanamaji na askari wa milimani, wakatoboa wakakutana, maji yakapita. Alafu akarudi Lambaesis akachongesha stori yote kwenye jiwe la pande sita, barua za wakuu ndani yake, na juu wamechongwa akina mama watatu wenye majina, Subira, Ushujaa na Tumaini. Ukisoma unasikia kabisa mtu ambaye watu walimnong'ona miaka yote kwamba amekosea vipimo na sasa anaweka ushahidi mezani. Naamini alikuwa sahihi, vigingi vilikuwepo.

Septimius Severus alipochukua ufalme mwaka 193, mtu wa Leptis Magna pale Libya, kwa hiyo ni mtoto wa nyumbani, legioni ilimuunga mkono ikapewa sifa mpya kwenye jina, Pia Vindex, yaani mwaminifu na mlipiza kisasi. Kumbuka hizo herufi mbili, PV, zitakusaidia mwishoni. Chini yake mpaka wa Roma ukasukumwa kusini jangwani. Kituo cha Bu Njem huko Libya, kwao Gholaia, kilianza tarehe 24 Januari 201, na mwaka 222 akida wa hapo, Porcius Iasucthan, jina la pili ni la Kilibya kabisa, akajenga upya lango lililochakaa akatunga shairi la Kilatini kulisifia, jinsi askari walivyovuta mawe kwa kamba. Ukisoma herufi ya kwanza ya kila mstari kwenda chini inatoka jina lake na cheo chake. Wataalamu wa Kilatini wanamcheka kwa mizani yake mibovu, mi simcheki hata kidogo, mtu amekulia kwenye lugha nyingine, yuko mwisho wa dunia amezungukwa na mchanga, na bado anataka jina lake likae ndani ya shairi.

Sasa tufike kwenye kosa.

Mwaka 238 Kaisari alikuwa Maximinus, mwanajeshi aliyekuwa anapigana huko kaskazini na anahitaji pesa muda wote. Afisa wake wa kodi Afrika alikuwa anawakamua watu faini mpaka mashamba yanakwenda. Pale Thysdrus, leo El Djem, mji wa mafuta ya zeituni, vijana wa familia zenye mashamba wakawaita wafanyakazi wao waje na marungu na mashoka wameyaficha chini ya nguo, wakamuua yule afisa. Wakishaua wakajua hakuna kurudi nyuma, wakaenda kwa liwali wa Afrika, Gordian, mzee wa miaka kama 80, wakamvika zambarau, vazi la Kaisari, kwa nguvu. Akakubali pamoja na mwanae, Gordian wa pili. Huko Roma senati nayo ikakubali haraka maana walimchukia Maximinus.

Tatizo likawa moja. Upande wa Numidia, yaani mashariki ya Algeria ya leo ambako kambi ilikuwepo, kulikuwa na Capelianus, mkuu wa legioni, na yeye na Gordian walikuwa na kesi ya zamani kati yao. Gordian akatuma mtu wa kumvua madaraka. Capelianus akakusanya Legioni ya Tatu na wapanda farasi wa Numidia akashuka nao Karthago. Herodian, mwanahistoria wa wakati huo, anaeleza watu wa mji walivyotoka, wengi sana ila hawana silaha, kila mtu ameshika alichopata nyumbani, panga, shoka, mkuki wa kuwindia, ngao zimetengenezwa kwa ngozi juu ya mbao. Wapanda farasi wenye mikuki wakawavunja mara moja, na waliokanyagana langoni wakikimbia kuingia ndani wakawa wengi kuliko waliouawa na adui. Gordian mtoto akafa humo, mwili haukupatikana. Mzee akajinyonga. Ufalme wao ulidumu kama wiki tatu. Capelianus akaua wakubwa wa mji, akapora mahekalu, akawaachia askari wachome vijiji na mashamba.

Hapo mi siwezi kuwatetea. Mashamba hayo yalikuwa ya ndugu zao, watoto wa Afrika wakachoma Afrika. Ila na hili lazima lisemwe, Kaisari waliyemuapia alikuwa Maximinus, amri ilitoka kwa mkuu wao halali, na askari wa Tatu wanajua tangu enzi za kura ya mtu wa kumi kwamba kukataa amri maana yake nini. Miezi michache mbele Maximinus akauawa na askari wake mwenyewe, na Roma ikamweka Kaisari mpya, kijana wa miaka 13, Gordian wa tatu. Yule mzee aliyejinyonga ni babu yake mzaa mama, na yule aliyekufa langoni ni mjomba wake. Legioni ikavunjwa. Na kuvunjwa peke yake hakukutosha, ikatoka amri ya kufuta jina.

Fikiria kazi hiyo. Miaka zaidi ya 200 hawa watu wamechonga jina lao kwenye kila kitu, malango, madhabahu, mawe ya barabara, mabafu, sanamu. Wakapita watu na nyundo na tindo, jiwe kwa jiwe, wanatafuta LEG III AVG, kifupi cha Legioni ya Tatu Augusta. Na hawakugonga jiwe lote, jina la Kaisari aliyejengewa linabaki, jina la mungu linabaki, wanagonga herufi hizo chache tu. Wengine walifanya kazi ya kina mpaka pakawa kama bakuli, wengine wakagonga juujuu na leo jua likipita ubavuni bado unasoma.

Mpaka ulilegea. Kituo cha Castellum Dimmidi, cha mbali kusini, kikaachwa mwaka huo huo. Mwaka 240 mtu anaitwa Sabinianus akajitangaza Kaisari Afrika na ilibidi atafutwe mkuu wa Mauretania aje kumzima, kwa sababu jeshi la kumzima lilikuwa halipo tena. Miaka 15 ikaenda hivyo.

Mwaka 253 Kaisari Valerian akaingia, makabila ya milimani yanasumbua, akairudisha legioni. Kuna jiwe kutoka Gemellae, kituo cha jangwani karibu na Biskra, linasema kikosi cha watu 1,000 cha Legioni ya Tatu Augusta iliyorudishwa kimefika kutoka Raetia, huko juu kwenye milima ya Alps, tarehe 22 Oktoba 253. Wameandika mpaka siku. Kutoka theluji mpaka mitende, nyumbani. Sifa zao zikarudi zimeongezwa, iterum pia iterum vindex, mwaminifu tena, mlipiza kisasi tena. Na huko Bu Njem vigae vya vyungu walivyoandikia ripoti vya miaka hiyo ya 250 vimepatikana karibu 150, nani yuko zamu langoni, nani mgonjwa, Wagaramante, watu wa jangwa la Libya, wameingia na shayiri wakiwa na nyumbu na punda, vitu vidogo hivyo hivyo kila siku. Zaidi ya miaka 100 baadae, kwenye orodha ya majeshi ya Roma ya mwanzo wa karne ya tano, watu wa Tatu Augusta bado wapo Afrika.

Basi rudi kwenye picha yako. Hizo herufi ulizoziona ndani ya pale palipobonyea ni za kuanzia mwaka 253. Aliyerudisha jina hakuwa na jiwe jipya, akachonga humo humo kwenye kidonda, ndo maana zimekaa chini kuliko mstari uliobaki na mara nyingi zimebanana, nafasi ni ile ile na fundi si yule wa kwanza. Ikuze picha uangalie baada ya AVG kama kuna P na V. Zikiwa nje ya palipobonyea, yaani ziko usawa wa jiwe la zamani, mfutaji hakuzigusa. Zikiwa ndani, amezirudisha yule wa pili pamoja na jina. Na kama aliyekutumia bado yuko huko, mwambie apige nyingine asubuhi mapema au jioni, jua likiwa chini linapita ubavuni mwa jiwe, hapo kivuli kinaingia kwenye kila kovu na unaweza ukaziona herufi za kwanza kabisa zikitokeza chini ya hizi za pili. Ikipatikana nitumie na mimi.